Nyumba ya Mkutano ya Loughwood: Uhakiki wa Jengo la Ibada la Wajitenga wa Kiingereza

Vitabu vya historia ya ujenzi wa Uingereza aghalabu huanza na makanisa makuu, yaani majengo ya mawe yaliyochongwa, yenye minara mirefu, matao yaliyochongoka na vioo vya rangi. Baada ya hayo huja majumba ya wafalme na ya mabwana, kisha majengo ya mijini. Nyumba za ibada za Wakristo waliojitenga na Kanisa la dola hupewa kurasa chache mwishoni, mfano wa mgeni aliyekaribishwa ukumbini lakini asiandaliwe kiti. Mwenye kuzitaja huwa na mojawapo ya hukumu mbili. Hukumu ya kwanza yasema kwamba nyumba hizo ni maghala tu, na kwamba waliozijenga hawakuwa na fedha wala hawakujua uzuri. Ya pili, iliyo na huruma zaidi, yasema kwamba ni maficho ya watu walioonewa, na kila kilicho kidogo ndani yake ni alama ya hofu. Hukumu hizi zaonekana kupingana, lakini asili yake ni moja: zote mbili hulipima jengo kwa kile lisichokuwa nacho. Makala haya yanachunguza jengo moja la namna hiyo, Nyumba ya Mkutano ya Loughwood katika jimbo la Devon, na kulipima kwa kazi iliyokusudiwa itendeke ndani yake.

Yapasa kwanza kusema neno juu ya majina. Kiingereza hulitenga jina la jengo la Kanisa la dola na majina ya majengo ya Wajitenga. Haya ya pili huitwa ama chapeli ama nyumba za mkutano. Kiswahili hutumia neno moja, kanisa, lililopokewa kutoka Kiarabu, kwa majengo yote hayo, na tena kwa jamii ya waumini. Waliojenga Loughwood wangaliona kuwa neno hilo limebebeshwa mizigo miwili ambayo wao walitaka kuitenga. Kwao kanisa ni watu, na jengo ni nyumba tu, ambayo kazi yake ni kuwakusanya watu hao na kuwakinga na mvua. Kwa hiyo jina "nyumba ya mkutano" si jina la unyenyekevu. Ni fundisho la imani lililotiwa katika maneno matatu. Hali kadhalika neno mimbari lahitaji uangalifu. Kiswahili hulitumia kwa mahali pa khatibu msikitini na pia kwa mahali pa mhubiri kanisani, na hakuna kosa katika hilo. Lakini msikitini jengo zima huelekea kibla, nayo mimbari hufuata mwelekeo huo. Loughwood haina kibla. Mimbari yenyewe ndiyo iamuayo watu waelekee wapi, na kama ingalihamishwa, mwelekeo wa nyumba nzima ungalihama nayo.

Wajitenga walikuwa Wakristo Waprotestanti waliokataa kufuata taratibu za ibada au utawala wa Kanisa la Uingereza. Hawakuwa kundi moja. Miongoni mwao walikuwamo Wabaptisti, walioshika kwamba ubatizo ni wa mtu mzima aaminiye mwenyewe, Wakongregesheni, walioshika kwamba kila mkusanyiko ujitawale, Wapresibiteri, na Marafiki, waliokataa hata kuwa na mchungaji wa kulipwa. Baada ya ufalme kurudishwa mwaka 1660, mambo yao yalikuwa magumu. Sheria ya Ulinganifu ya 1662 ilikamilisha kazi ya kuwaondoa makanisani wachungaji karibu 2000 waliokataa masharti ya dola. Sheria ya 1664 ilikataza mkutano wowote wa ibada isiyokuwa ya Kanisa la dola iwapo wamehudhuria watu zaidi ya watano mbali na wenye nyumba. Sheria ya 1665 iliwakataza wachungaji waliofukuzwa wasifike umbali wa maili 5 kutoka mji wenye baraza lake, au kutoka mahali walipokuwa wakihudumu. John Bunyan, ambaye kitabu chake kimejulikana kwa wasomaji wa Kiswahili kwa jina la Safari ya Msafiri, alitiwa gerezani mwaka 1660 kwa kuhubiri, akakaa humo kwa muda wa miaka 12. Alipotoka mwaka 1672, mkusanyiko wake wa Bedford ulinunua ghala na kulifanya kuwa mahali pa ibada. Basi yule asemaye kwamba nyumba za Wajitenga zafanana na maghala amesema kweli zaidi kuliko alivyodhani. Nyingine zilikuwa maghala hasa.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1689, ilipotungwa Sheria ya Uvumilivu. Wajitenga wa Kiprotestanti, isipokuwa wale waliokana Utatu, waliruhusiwa kuabudu kwa masharti. Masharti mawili yapaswa kukumbukwa na kila mtu ahakikiye majengo yao. La kwanza ni kwamba mahali pa mkutano pajulishwe kwa wenye mamlaka na kuandikishwa. La pili ni kwamba milango yake isifungwe kwa kufuli, kwa komeo wala kwa kizuizi wakati wa mkutano. Ni nadra kwa sheria ya dini kusema juu ya mlango wa jengo kwa udhahiri namna hiyo.

Loughwood ipo penye mteremko wa kilima karibu na kijiji cha Dalwood, si mbali na mji wa Axminster. Asili yake huhesabiwa kuwa mwaka 1653, nayo ilikuwa nyumba ya Wabaptisti wa Kilmington, kijiji cha jirani. Zamani mahali hapo palizungukwa na msitu mnene. Isitoshe, Dalwood hadi miaka ya 1840 ilikuwa kipande cha jimbo la Dorset kilichozungukwa na ardhi ya Devon, kwa hiyo mtu aliyetafutwa na wakuu wa jimbo moja hakuwa na safari ndefu kufika katika jimbo jingine. Kutokana na mambo hayo imekuwa desturi kuieleza nyumba hii kwa msitu wake. Wageni huambiwa kwamba watu walikuja kwa siri, wakipita chini ya miti, wakihatarisha uhuru wao, na macho yao huanza kuona hofu katika kila jiwe.

Maelezo hayo si uongo, lakini yamechukua mahali pa uhakiki. Mwaka 1653 Uingereza haikuwa na mfalme. Charles wa Kwanza alikuwa ameuawa mwaka 1649, na nchi ilikuwa mikononi mwa watu ambao wengi wao walikuwa wenyewe wapinzani wa maaskofu. Wabaptisti wa wakati huo hawakupendwa na wote, lakini walikuwa na nafasi kubwa kuliko waliyoipata miaka 10 baadaye. Msitu ulisaidia baada ya 1660, na hapana shaka kwamba ulisaidia sana. Hata hivyo msitu waweza kueleza kwa nini nyumba ilibaki mahali ilipo. Hauwezi kueleza kwa nini imepangwa ndani kama ilivyopangwa. Zaidi ya hayo, sehemu kubwa ya mbao zionekanazo ndani leo, yaani vizimba vya kukalia, mimbari na roshani, ni kazi ya vizazi vya baadaye, hasa vya karne ya 18. Watu waliozitengeneza waliishi baada ya sheria ya 1689. Mlango wao ulikuwa umeandikishwa, na sheria iliwakataza kuufunga walipokuwa wakiabudu. Mtu asiyeruhusiwa kutia komeo hawezi kusemwa kuwa amejificha. Kwa hiyo kuusoma mpangilio huo wa ndani kama sura ya hofu ni kuwapa wajukuu moyo wa babu zao.

Kwa nje jengo ni la mawe ya mahali hapo yasiyochongwa kwa usawa, na kuta zake zimetiwa viegemeo. Paa limeezekwa kwa mabua, kama zilivyoezekwa nyumba nyingi za wakulima wa Devon. Madirisha yana vichwa vya mviringo na vioo visivyo na rangi. Hakuna mnara, hakuna msalaba juu ya paa, wala mchongo juu ya mlango. Kando yake pana uwanja wa makaburi. Mpita njia asiyeambiwa angeweza kudhani kwamba ni jengo la shamba, na dhana hiyo isingekuwa aibu kwake wala kwa waliolijenga. Waashi na waezekaji wa huko walitumia ufundi waliokuwa nao mikononi. Jengo halikuletwa kutoka kwingine na kuwekwa juu ya kilima. Limetoka katika ardhi ile ile, kwa mawe yale yale na mabua yale yale yaliyowahifadhi watu na mazao yao.

Hapa ndipo panapofaa methali ya Waswahili isemayo kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Aingiaye Loughwood hukuta chumba kimoja kilichofunikwa kwa dari ya lipu iliyopindwa mfano wa nusu ya pipa. Mimbari imeinuliwa upande mmoja wa chumba, na upande wa pili, ikiikabili, ipo roshani ya waimbaji na wapiga ala. Kati yake vimejaa vizimba vya mbao vyenye vijilango, na ndani ya kila kizimba mna mabenchi. Mbao zake hazikupakwa rangi. Chini ya roshani pametengwa vyumba vidogo vya kupumzikia. Upande wa mimbari, chini ya mbao za sakafu, limo birika la ubatizo. Hayo ndiyo yote yaliyomo. Na kila kimoja kina sababu yake.

Sababu ya kwanza ni kusikia. Katika kanisa la parokia la zamani, jengo lilipangwa kwa ajili ya kuuendea utakatifu hatua kwa hatua: mtu huingia kwa mlango wa magharibi au wa pembeni, akapita katika ukumbi mrefu, akafika penye kizuizi, na ng'ambo ya kizuizi, upande wa mashariki, ipo madhabahu. Mpango huo ni wa macho na wa miguu. Mpango wa Loughwood ni wa sikio. Hakuna mahali pa kuuendea, kwa sababu kila mtu amekwisha fika akaapo. Mimbari imeinuliwa ili sauti ya mhubiri ipite juu ya vizimba na kuwafikia wakaao nyuma. Chumba ni kifupi, na hakikukatwa kwa safu za nguzo za mawe kama zile zilizogawanya makanisa ya kale. Dari ya pipa yaifunika sauti na kuirudisha chini kwa wasikilizaji. Roshani iliyo mkabala huirudisha sauti kwa njia nyingine: neno hutoka mimbarini, na wimbo hujibu kutoka upande wa pili, watu wakiwa katikati ya sauti hizo mbili. Huu ni utunzi. Hauna mapambo, lakini una umbo, na umbo lake laweza kuelezwa kama lielezwavyo umbo la shairi lenye wito na kiitikio.

Sababu ya pili ni maji. Katika kanisa la parokia chombo cha ubatizo ni cha jiwe, kimesimama karibu na mlango, nacho ni kidogo, maana abatizwaye ni mtoto mchanga aletwaye na wengine. Maana ya mahali pake ni kwamba ubatizo ndio mlango wa Ukristo. Wabaptisti walikigeuza kila kitu katika picha hiyo. Abatizwaye amekwisha kukua, ameamini, ameungama mbele ya wenzake, na azamishwa mwili mzima. Kwa hiyo birika haliwezi kuwa dogo, wala haliwezi kuwa mlangoni. Yapasa liwe pale ambapo mkutano wote waweza kushuhudia. Lakini chumba ni kidogo, na ubatizo si kazi ya kila juma. Ndipo wajenzi wakalitia birika chini ya sakafu na kulifunika kwa mbao. Siku nyingi za mwaka watu hukanyaga juu ya ahadi yao wenyewe bila kuiona. Siku ya ubatizo mbao huinuliwa, na sakafu ile ile waliyoizoea hufunuka na kuwa kaburi na kisima. Hakuna mchoro wala sanamu ingaliweza kusema jambo hilo kwa nguvu zaidi, na wajenzi hawakutumia zaidi ya shimo, maji na mbao.

Yafaa sasa kuirudia hukumu ya kwanza, ile isemayo kwamba unyofu wa majengo haya ni umaskini. Umaskini ulikuwapo. Mjitenga alilazimika kujenga nyumba yake kwa fedha zake, na wakati huo huo alidaiwa kodi ya kulitengeneza kanisa la parokia ambalo hakuliingia. Ulazima wa kodi hiyo haukufutwa hadi mwaka 1868. Mwenye kulipia nyumba mbili hujenga ya pili kwa tahadhari. Lakini umaskini haueleyi yote, na ushahidi upo katika nyumba nyingine ya mashambani, ile ya Marafiki huko Jordans katika jimbo la Buckinghamshire.

Nyumba ya Jordans ilijengwa mwaka 1688 kwa matofali, kando ya uwanja wa makaburi ulionunuliwa mwaka 1671. Kwa nje yafanana na nyumba ya mkulima mwenye nafasi. Miongoni mwa waliohusiana nayo alikuwa William Penn, mwanzilishi wa Pennsylvania, mtu aliyepewa na mfalme nchi kubwa kuliko majimbo mengi ya Uingereza yakiwekwa pamoja. Alizikwa hapo mwaka 1718, karibu na mkewe Gulielma. Hapo pia walizikwa Isaac Penington na Thomas Ellwood, yule aliyekuwa akimsomea John Milton vitabu baada ya mshairi huyo kupofuka. Kama uzuri wa jengo ungalipimwa kwa mfuko wa wahudhuriao, Jordans ingalikuwa na marumaru. Haina. Ina chumba chenye mabenchi, kuta zilizotiwa mbao kwa sehemu ya chini, na benchi lililoinuliwa kidogo kwa ajili ya wazee. Mimbari hakuna, kwa kuwa hakuna mhubiri aliyewekwa; watu hukaa kimya hadi mmoja wao aongozwe kusema. Birika hakuna, kwa kuwa Marafiki hawabatizi kwa maji. Hata makaburi kwa muda mrefu hayakuwa na mawe yenye majina.

Kulinganisha nyumba hizi mbili kwafaa kuliko kulinganisha mojawapo na kanisa kuu. Zote mbili ni nyofu, lakini hazifanani. Loughwood ni nyumba ya neno linenwalo. Jordans ni nyumba ya neno lingojewalo. Ya kwanza ina mwelekeo, ya pili ina duara la kimya. Lau unyofu ungalikuwa ukosefu tu, nyumba hizi zingalifanana, maana ukosefu hufanana popote. Kwa vile kila moja imeacha mambo yake na kushika mambo yake, ni dhahiri kwamba kuacha kwenyewe kulikuwa kuchagua.

Hata hivyo uhakiki ulio wa haki hauwezi kuishia katika sifa. Loughwood ina kosa, na kosa hilo li ndani ya kitu kile kile kinachowapendeza wageni zaidi, yaani vizimba vya mbao. Vizimba hivyo vina faida yake: vilizuia upepo wa baridi miguuni katika chumba cha mashambani, na viliiweka jamaa moja pamoja. Lakini fundisho la Wabaptisti ni kwamba waumini wote ni ndugu walio sawa, na kwamba kanisa ni mwili mmoja. Kizimba chenye kijilango chasema neno jingine. Kinaukata mwili huo vipande, na kila kipande kina mpaka. Katika chapeli nyingi za Uingereza vizimba vilikodishwa kwa fedha au kushikwa na jamaa fulani kwa miaka mingi, na mahali pa mtu pa kukaa pakawa kipimo cha cheo chake. Desturi hiyo ilitoka katika makanisa ya parokia, ambamo bwana wa kijiji alikuwa na kizimba chake. Basi Wajitenga, walioiacha madhabahu, vioo vya rangi na minara ya Kanisa la dola, waliubeba mlango wa kizimba wakaenda nao. Jordans, yenye mabenchi yaliyo wazi, ilikuwa aminifu zaidi katika jambo hili. Mhakiki asiyelisema hilo kwa sababu mbao ni za kale na zapendeza macho, ameacha kuhakiki na kuanza kukusanya vitu vya kale.

Katika karne ya 19 Wajitenga wenyewe walianza kuona haya juu ya nyumba zao. Augustus Pugin alichapisha mwaka 1836 kitabu chake cha kulinganisha majengo ya zama za kati na yale ya siku zake, akiyadhihaki haya ya pili. Na katika maandishi yake alishika kwamba ujenzi wa matao yaliyochongoka ndio ujenzi wa Kikristo. Pugin alikuwa Mkatoliki, na hoja yake haikuwalenga Wajitenga peke yao, lakini baadhi yao waliipokea kana kwamba ni deni. Mwaka 1850 mhubiri wa Kimethodisti Frederick Jobson alitoa kitabu cha kuwashauri wenzake wajenge chapeli zao kwa mtindo huo huo. Kwa hesabu ya waabudu iliyofanywa tarehe 30 Machi 1851 ilionekana kwamba karibu nusu ya mahudhurio ya ibada katika Uingereza na Wales yalikuwa nje ya Kanisa la dola. Watu waliokuwa wengi kiasi hicho walitaka waonekane, nao wakajenga minara. Matokeo yake ni kwamba katika miji mingi chapeli ya wakati huo haitambulikani na kanisa ila kwa kusoma kibao. Vyumba vilirefushwa, nguzo zikarudi, na mhubiri akawa mbali na wasikilizaji wake. Ushindi huo ulikuwa wa macho. Sikio ndilo lililopata hasara.

Loughwood haikuguswa na mabadiliko hayo. Hilo si sifa ya busara yake. Huenda nyumba ya kilimani yenye watu wachache huponea kwa kusahauliwa. Heshima ilichelewa kuja. Mshairi John Betjeman aliandika mwaka 1940 makala juu ya ujenzi wa Wajitenga, akayatia tena katika kitabu chake cha 1952, akitetea kwamba majengo hayo yaonyesha ladha ya watu wa kawaida wenyewe. Kazi kubwa ya kupima na kuorodhesha ilifanywa na Christopher Stell, ambaye orodha yake ya chapeli na nyumba za mkutano za Uingereza ilitoka katika majuzuu manne, kuanzia 1986 hadi 2002. Tangu hapo hakuna mwanachuoni awezaye kusema kwamba hakuambiwa.

Loughwood yenyewe iliingia katika milki ya National Trust mwaka 1969. Tangu hapo mabua ya paa yametunzwa, na mlango umekuwa wazi kwa wageni. Lakini ibada hufanywa mara chache tu kwa mwaka. Hapa pana swali gumu kuliko yote. Waliojenga walisema kwamba jengo si kitu kitakatifu, na kwamba kanisa ni watu. Leo watu wameondoka na jengo laheshimiwa. Je, kulihifadhi si kuwapinga? Wapo wawezao kujibu kwamba nyumba isiyo na mkutano imekwisha kazi yake, na ingeachwa ianguke kama ghala lolote. Jibu hilo lina mantiki, lakini limepuuza jambo moja. Wajenzi hawakuacha maandishi mengi juu ya namna walivyofikiri kuhusu chumba, sauti na maji. Chumba chenyewe ndicho andiko lao. Kulibomoa kwa jina la mafundisho yao ni kulichoma andiko kwa jina la mwandishi.

Jordans imetoa mfano unaosaidia. Mwaka 2005 moto uliunguza sehemu kubwa ya paa lake, lakini mbao za karne ya 17 katika chumba cha mkutano ziliokoka kwa sehemu kubwa. Jengo lilitengenezwa, na Marafiki wakarudi kukaa kimya ndani yake. Pale matengenezo yaliifuata kazi: chumba kilirudishiwa paa ili watu wakutane tena. Huo ndio uhifadhi ulio karibu zaidi na nia ya wajenzi. Kwa Loughwood yafuata kwamba kila ibada, kila wimbo kutoka roshanini, hata usomaji wa sauti kutoka mimbarini, si mapambo ya kuwafurahisha wageni. Ni sehemu ya uhifadhi wenyewe, sawa na kuezeka upya. Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya sikio haiwezi kufahamika kwa kutazamwa tu, na mgeni aingiaye, akatazama mbao, akatoka bila kusikia sauti yoyote, ameliona ganda tu.

Swali hili si la Waingereza peke yao. Wajitenga hao ndio asili ya baadhi ya misheni za Afrika Mashariki. Mwaka 1862 Ludwig Krapf, ambaye kamusi yake ya Kiswahili ya 1882 yajulikana kwa kila mtaalamu wa lugha, aliwasindikiza wamisionari wa Kimethodisti waliofanya makao huko Ribe, nyuma ya Mombasa. Mwaka 1897 Marafiki wa Kiingereza walianza kazi kisiwani Pemba, mwaka ule ule ambao hali ya utumwa ilifutwa kwa sheria katika Unguja na Pemba. Atakayeandika historia ya majengo ya ibada ya misheni hizo hatakuwa na haki ya kuanza na kanisa kuu la Kiingereza na kuuliza kwa nini majengo ya huku hayana minara. Itampasa aanze na nyumba kama Loughwood, na aulize mambo matatu: sauti ilitoka wapi, ilifika kwa nani, na ni nani aliyekalishwa nyuma ya kijilango.